Juu ya Nyimbo za Kikristo Zitungwazo kwa Mashine



Neno tutakalojifunza mwezi huu lahusu vijana wetu watungao nyimbo za kumsifu Mungu kwa mashine, yaani kwa kompyuta au kwa simu, pasipo kwaya, pasipo kinanda, wala kampuni ya kuwasimamia. Kijana huketi chumbani mwake Ilongero, akapanga mapigo ya ngoma ambayo hakuna mkono ulioipiga, akatia sauti yake juu ya mapigo yale, kisha akautuma wimbo ulimwenguni kabla jua halijachwa. Mapigo hayo vijana wenyewe huyaita biti. Ni muziki wa kuchezwa kwa miguu, wenye mwendo wa kasi na spika kubwa. Wazee wengi wausikiapo huuliza kama jambo hili lafaa kwa Wakristo. Na vijana wengi, wakiisha kuulizwa hivyo mara mbili tatu, huacha kabisa kuwauliza wazee neno lo lote. Hapo ndipo hasara ianzapo, maana kijana hubaki na wimbo wake peke yake, na usharika hubaki bila kijana. Kwa ajili ya hasara hiyo twaandika somo hili.

Kwanza na tukitazame chombo chenyewe. Wako wasemao ya kuwa kinanda ni chombo kitakatifu, na mashine ni chombo cha dunia. Wasemao hivyo hawakupata habari za kinanda. Zamani za Warumi kinanda cha mabomba kilipigwa katika viwanja vya michezo, palipokuwa na watu wakipigana na kumwaga damu mbele ya makutano. Wakubwa wa Kanisa la kwanza hawakutaka kukisikia katika ibada, na karne nyingi zilipita kabla hakijapata mlango wa kuingilia. Hali kadhalika mabaragumu yetu, tunayoyapenda sana katika sharika za Kilutheri, ambayo pasipo hayo Pasaka huonekana kama haijafika. Yalitumika majeshini na katika majumba ya wafalme, na vikundi vya kanisa vya kuyapiga vilienea Ujerumani katika karne ya 19, ndipo vikaletwa huku. Mwenye Zaburi ya 150 ataja vyombo vingi, vya kupulizwa, vya nyuzi na vya kugongwa, wala hakutenga kimoja akakiita kichafu. Lakini nabii Amosi katika sura ya 5 atuonya kwamba Mungu aweza kuchukizwa na nyimbo zetu zote, na vinanda vyetu pia, ikiwa haki haimo kati yetu. Basi chombo chenyewe hakimtakasi mtu, wala hakimtii mtu unajisi.

Sisi wa Singida tuna sababu zaidi ya kulifahamu neno hili. Mmisionari Howard Olson, wa Kanisa la Augustana la Marekani, alifika Tanganyika mwaka 1946, akakaa katika nchi ya Wanyaturu, akajifunza lugha yao kwa bidii hata mwaka 1964 akaandika kitabu cha elimu juu ya sauti na maumbo ya Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi. Sasa, Kinyaturu ni lugha ya kupanda na kushuka. Neno moja likitamkwa kwa sauti ya juu lina maana hii, likitamkwa kwa sauti ya chini lina maana nyingine. Maneno ya lugha kama hiyo yakifungwa katika tuni ya Ulaya, tuni hupanda mahali neno lishukapo, na msikiaji huachwa akikisia. Olson alipohamia chuo cha theolojia cha Makumira aliwahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo kwa sauti za kwao, naye akazikusanya. Mwaka 1968 zilichapwa katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Wako Wakristo walioona vibaya wakati ule, wakisema sauti hizo zawakumbusha ngoma walizoziacha siku ya ubatizo wao. Hatuwacheki, maana walikuwa na sababu zao, nao walilipa gharama kubwa kwa kuziacha.

Walakini tutazame yaliyofuata. Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa Makumira aliyetoka Buhaya, alitunga Mfurahini Haleluya mwaka 1966. Leo wimbo huo wa Pasaka waimbwa na Walutheri wa Marekani kwa lugha yao, nao umo katika kitabu chao cha nyimbo cha mwaka 2006, pamoja na wimbo wa Wilson Niwagila wa kumwomba Roho Mtakatifu. Kilichoitwa ngoma ya zamani kimekuwa chakula cha Kanisa zima. Hatusemi kwamba kila biti ya leo itafika huko. Nyingi hazitafika hata Mtinko. Twasema tu ya kwamba mtu ahukumuye wimbo kwa kusikia ngoma yake peke yake amekwisha kukosea mara moja katika historia ya Kanisa letu, na afadhali asirudie.

Huu muziki wa mashine ulitoka wapi basi? Mji wa Chicago, Marekani, ulikuwa na nyumba moja ya ngoma iliyoitwa Warehouse, maana yake ghala, na mpigaji wake Frankie Knuckles alijulikana huko tangu mwaka 1977. Muziki uliozaliwa pale ulipewa jina kutokana na ghala hilo, ukaitwa house. Mapigo yake ni sawasawa, manne katika kila kipimo, dumu, dumu, dumu, dumu, wala hayachoki. Wengi wa waimbaji wake walikuwa wamelelewa katika makanisa ya Wamarekani weusi, ndiyo maana ukisikiliza vizuri utasikia ndani yake kinanda na vilio vya kanisani. Kisha muziki huo ukavuka bahari. Mwingereza Andy Hunter alitoa mwaka 2002 mkusanyo wa muziki wa namna hiyo, akauita Exodus, yaani Kutoka, kwa jina la kitabu cha pili cha Musa. Huku kwetu Dar es Salaam vijana wa Manzese na Tandale walikata vipande vya taarabu na mchiriku, wakaviharakisha kwa kompyuta, ikatokea singeli. Na mwaka 2017 singeli za studio ya Sisso zilitolewa Kampala, zikasikiwa hata Ulaya. Mtu asiseme, basi, kwamba kijana wa Ilongero ameiga Wazungu tu. Ameokota kitu kilichopita mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ni ya jamaa zake.

Sasa twafika penye kiini cha somo, nako ni kwenye neno. Paulo alipowaandikia Wakorintho sura ya 14 aliwataka waimbe kwa roho na kwa akili pia, tena alitoa mfano wa baragumu litoalo sauti isiyojulikana, ambalo halimwandai askari kwa vita. Wimbo wa Kikristo usiosikika maneno yake ni baragumu la namna hiyo. Na hatari kubwa ya muziki wa mashine iko hapa, wala haiko katika miguu ichezayo.

Saa ya ukutani yenye mshale wa nukta hupiga mara 60 kwa dakika. Muziki wa house hupiga kama mara 120 hata 130. Singeli hupita 200, na nyingine zakaribia 300. Katika mwendo wa 128 pigo moja halikai hata nusu ya nukta. Mtungaji asiyejihadhari hutupa maneno ndani ya mwendo huo kama mtu atupaye mahindi kwenye mashine ya kusaga, yakatoka unga. Neno “neema” lina silabi tatu, nalo hutoka mbili. “Mwokozi” hutoka kama jina la mtu asiyejulikana.

Tena Kiswahili, ingawa hakipandi na kushuka kama Kinyaturu, kina mkazo wake, nao hukaa katika silabi ya pili toka mwisho. Twasema mwo-KO-zi, ne-E-ma, i-MA-ni, msa-LA-ba. Pigo lenye nguvu la ngoma, lile la kwanza katika kila manne, halina budi kuangukia silabi hiyo. Likianguka kwingine, neno huvunjika. Mfano ulio wazi ni “barabara”: ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari, ukikaza ya pili ni sawasawa kabisa. Mtunzi aimbaye kwamba Mungu amefanya kazi yake barabara, na ngoma yake ikapiga silabi isiyo yake, amemfanya Mungu mjenzi wa njia ya kwenda Singida mjini.

Dawa yake si ngumu. Mtunzi asianze neno juu ya pigo kila mara, ila aanze kabla, ili silabi ya mkazo ndiyo ikutane na pigo. Kwa “imani” atangulize “i” peke yake. Kwa “msalaba” atangulize “msa”. Kwa “Mungu” na “Bwana” aweza kuanza na pigo lenyewe, maana silabi zao ni mbili tu na mkazo uko mwanzo. Wahenga wetu walioimba wakitwanga walilijua jambo hili pasipo kufundishwa, kwa sababu mchi wenyewe ukikosewa huumiza mkono. Mashine haiumizi mkono wa mtu, kwa hiyo haimfundishi.

Liko na jambo la pili ambalo mashine hulipenda, nalo ni kurudia. Kipande kimoja hukatwa, kikarudiwa mara 16, mara 32. Wazee husema huo ni uvivu, na mara nyingine ni uvivu kweli. Lakini nyimbo zetu za jadi nazo zina kurudia, mmoja akiongoza na wote wakiitikia, na katika kuitikia huko hata bibi asiyejua kusoma hupata nafasi yake. Tatizo la muziki wa spika ni kwamba watu husikiliza tu, au hucheza tu, wala hawaimbi. Luther na wenzake walipotoa kile kijitabu cha kwanza cha nyimbo mwaka 1524, nacho kilikuwa na nyimbo 8 tu, nne zake mwenyewe, kusudi lao lilikuwa kurudisha wimbo kinywani mwa watu wote, maana kwa muda mrefu ibada ilikuwa imeimbwa na mapadre na waimbaji wao tu. Ingekuwa ajabu sisi Walutheri tuuondoe tena wimbo kinywani mwa usharika, tuutie katika sanduku la spika. Kwa hiyo twamshauri mtunzi wa biti aache mahali patupu: vipimo vinne ambavyo mwimbaji hunyamaza, zibaki ngoma peke yake, na watu wapate kuitikia. Wimbo wenye mahali patupu ni wa usharika. Uliojaa tangu mwanzo hata mwisho ni wa mwenyewe.

Hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ibada ya Jumapili ina utaratibu wake, nyimbo zake za kitabu, na watu wa miaka 8 na wa miaka 80 pamoja. Humo wimbo wa kasi ya singeli huwafukuza walio wengi, na mwinjilisti hakosi akiukataa. Lakini sherehe ya mavuno, kambi ya vijana, arusi, mkutano wa Injili mnadani, na redio, hayo ni mahali pengine. Wimbo usiofaa pale waweza kufaa hapa. Mzee asemaye “si katika ibada” na asemaye “si wa Kikristo” hawasemi neno moja, nasi twaomba wasilisemee kama moja.

Juu ya vifaa hatusemi mengi. Programu itumiwayo sana na watengenezaji wa nyimbo ni FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo hufanya kazi katika kompyuta ya kawaida. Ziko na nyingine za simu, baadhi hazina malipo. Afadhali sana kununua maikrofoni moja nzuri kuliko spika mbili kubwa. Chumba kitundikwe mablanketi ukutani, na sauti irekodiwe usiku, upepo wa Singida ukiisha kutulia na kuku wakiisha kulala. Na kila kazi iwekwe mahali pawili.

Kuhusu fedha twataka kusema kwa uwazi, kwa sababu vijana wengi hudanganyika. Mtu anayejitolea nyimbo mwenyewe katika intaneti asidhani kwamba zitamlisha. Kampuni ya Spotify, iliyoanza kuhudumia Tanzania mwaka 2021, tangu mwaka 2024 hailipi cho chote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Alizeti na vitunguu visiachwe. Hata hivyo haki ya mtunzi ni mali, nayo yalindwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki juu ya kazi yake katika maisha yake yote, na jamaa zake miaka 50 baada ya kufa kwake. Tena ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. COSOTA ndiyo isajiliyo kazi hizo. Basi kijana asajili wimbo wake. Na kwa sheria iyo hiyo asikate sauti ya kwaya ya watu wengine akaitia katika biti yake pasipo ruhusa, hata kama ni kwaya ya usharika wake mwenyewe na shangazi yake ndiye aimbaye sauti ya kwanza. Kazi ya kwaya ina wenyewe. Tumeona mara nyingi mambo haya yakichukuliwa kuwa madogo kwa sababu “ni kazi ya Mungu.” Kuchukua pasipo kuomba hakukuwa kazi ya Mungu hata siku moja.

Lililobaki ndilo zito. Kijana wa namna hii hujiita msanii wa kujitegemea, na jina hilo ni zuri, maana amejifunza kwa jasho lake wala hakungoja mfadhili. Lakini kujitegemea kwa mkate si sawa na kutokuwa na wa kumwuliza. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1986 lilianzishwa ndani ya Kanisa la Anglikana kusanyiko la vijana lililofanya ibada kwa muziki wa mashine, na taa, na picha ukutani. Vijana walikuja kwa mamia, na watu wa mbali walisafiri kuja kujifunza. Wakubwa walifurahi kuona vijana wengi hivyo, wala hawakuuliza sana yaliyotendeka ndani. Mwaka 1995 kusanyiko lilifungwa, baada ya wanawake kueleza jinsi kiongozi wake alivyowatendea mabaya. Na mwaka 2025 mahakama ya London ilimtia hatiani kwa makosa mengi ya kuwadhalilisha.

Wako waliosema siku zile, “Tuliwaambia, ngoma ile ni ya shetani.” Sisi hatuoni hivyo. Ngoma haikumdhuru mtu. Waliodhurika walidhurika kwa sababu mtu mmoja alisifiwa sana, akawekwa mahali ambapo hakuna mkubwa wala mdogo awezaye kumwambia “hapana.” Jambo hilo laweza kutokea kwa mwenye biti, kwa mwalimu wa kwaya, na kwa mchungaji mwenye joho. Tena laanza mapema kwa kijana ambaye wazee wake wamemfukuza, kwa maana aliyefukuzwa hana wa kumkemea, na wafuasi wake wa simuni hawamkemei, humsifu tu au humtukana.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kila usharika wasingoje kijana aje kuomba ruhusa. Mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, asiye na haya kusikiliza muziki wa kelele, apewe kazi ya kuwa rafiki wa hao watunzi. Asiwe askari. Asikilize wimbo kabla haujatumwa, aulize maana ya mistari yake, na aseme wazi palipo na mafundisho yasiyo sawa. Ajue pia mabinti waimbao viitikio hurekodi wapi na saa ngapi, na nani yuko pamoja nao. Kwa kuwa tumeshauri kurekodi usiku, neno hili halina budi kushikwa, binti asirekodi usiku akiwa peke yake na mtengenezaji. Naye kijana amwambie mzee huyo fedha zilizopatikana, kama zimepatikana, na waliosaidia wakapewa nini. Hayo yote hayampunguzii kijana uhuru wake wa kutunga.

Kwa mwinjilisti atakaye kulifundisha somo hili katika kipindi cha vijana, njia ni hii. Na achukue wimbo mmoja wa biti uliotungwa na kijana wa hapo hapo, kwa idhini yake. Maneno yaandikwe ubaoni yote, pasipo kuufungua muziki, na darasa liyasome kama wasomavyo somo la siku. Waulizane yasema nini juu ya Kristo, na kama mtu asiyeamini angeyaelewa. Kisha wapige mstari chini ya silabi ya mkazo katika kila neno. Kisha waimbe kwa makofi tu, mwendo wa polepole, halafu wa kasi, wakiangalia ni wapi kofi limeiacha silabi. Mwisho ufunguliwe wimbo wenyewe, na aliyeutunga apewe nafasi ya kwanza kusema angerekebisha nini. Saa moja na nusu yatosha, na vifaa ni ubao, chaki na simu moja yenye chaji.